Kidole Chetu Kila Mwezi, Karatasi Yenu Lini?

Mama hajui kuandika. Naanza na hilo kwa sababu kesi yote imekaa hapo. Jina lake hawezi kuliandika, na popote anapoambiwa "weka saini hapa" anatoa kidole gumba cha kushoto, anakipaka wino, anabonyeza, anakifutia kwenye kitenge. Bloku yetu nzima inajua. Ofisi zote zilizowahi kumpa sabuni, mkeka au sufuria zinajua. Sasa nauliza: ile saini yenye mkia mrefu iliyoko kwenye slipu ya kutolea pesa zake, nani aliiweka?

Ndugu zangu wa kambi, na nyinyi mabwana na mabibi wa ajensi wenye vitambulisho shingoni, naandika kwa hasira, lakini ni hasira iliyokaa wiki nyingi mpaka ikapoa kidogo. Nina ugomvi na pande mbili. Nina ugomvi na sisi wenyewe, tunaopiga kelele "keshia ni mwizi" kabla hatujaomba hata karatasi moja. Na nina ugomvi mkubwa zaidi na wale wanaotuambia "rudi kesho" mpaka mtu anachoka, kisha wanaandika kwenye ripoti kwamba hakukuwa na malalamiko.

Benki siitaji, ajensi siitaji. Jarida letu halina wakili. Na huyo mama nitamwita Mama tu, maana ndivyo tunavyomwita sote, hata wazee wenye mvi kumzidi. Mimi kazi yangu ni ukalimani. Nimekaa Kakuma, nikahamia Kalobeyei, na miaka yote nimekuwa mdomo wa watu wengine mbele ya meza za ofisi. Kwa hiyo haya sikusimuliwa. Nilikuwepo.

Mama anafagia na kuosha sakafu katika kituo kimoja cha afya. Anachopata hakiitwi mshahara, kinaitwa insentivu, maana mkimbizi hapewi mshahara, anapewa motisha, kama vile bila hiyo asingekuwa na sababu ya kutaka kula. Insentivu hiyo inaingia benki. Mwaka jana ilichelewa miezi mitatu, ikalimbikizana ikafika shilingi 19,500. Siku moja msimamizi wake akamwambia: "Mama, tumewalipa wote. Nenda benki."

Akaenda. Dirishani akaambiwa akaunti ina shilingi 640. Akarudi kwa msimamizi. Msimamizi akasema, sisi karatasi yetu inaonyesha tumetuma. Akarudi benki. Benki wakasema, labda wametuma kwa jina lingine, waambie waandike barua. Akarudi kwa ajensi. Ajensi wakasema anayeandika barua yuko likizo. Bodaboda kwenda na kurudi ni shilingi 200. Mama alikwenda mara saba. Pigeni hesabu wenyewe: mtu aliyepoteza pesa alitumia 1,400 nyingine kutafuta mahali ilipopotelea, na katika hizo ofisi mbili hakuna aliyetoka hata hatua moja kwenye kiti chake kwenda kumuuliza mwenzake.

Tena kulikuwa na jambo moja ambalo lingetuamsha mapema. Mama alikuwa anakumbuka vizuri kwamba mara ya mwisho aliacha benki shilingi 140. Hajui kuandika lakini hesabu yake haipotei. Sasa 140 imekuwaje 640? Nani aliongeza 500? Aliisema hiyo dirishani, akaambiwa "Mama, labda umesahau." Aliisema kwa msimamizi, akaambiwa hivyo hivyo. Na mimi, niliyekuwa natafsiri, niliitafsiri ikapita.

Wakati huo sisi huku nyuma tulikuwa tumeshamaliza kesi. Mahakama ilikaa bombani jioni, kwenye foleni ya madumu. Mwizi alikuwa amejulikana: ni yule dada wa dirisha la pili. Ushahidi? Hasalimii. Anakunja uso. Anarusha vitambulisho vya watu juu ya kaunta. Simu yake kubwa. Na la mwisho lililosemwa kwa sauti ya chini, kwamba si wa kabila letu, "na hao tunawajua." Vijana wawili wakaanza kusema wanajua njia anayopita akitoka kazini. Na mimi pia nilisema. Nilisema, "Yule dada ana roho mbaya, anaweza." Naandika hapa mwenyewe, asije mtu mwingine akaniandikia.

Kilichotuokoa ni kwamba Mama alikataa. Alisema hivi: "Mimi nilikimbia nyumbani kwa sababu watu walikaa jioni wakasema majirani fulani ndio wabaya. Sitaki kusikia tena mambo ya njia anayopita mtu. Mimi nataka karatasi."

Basi tukaenda kutafuta karatasi. Karatasi yenyewe inaitwa taarifa ya akaunti. Hapa wote tunasema stetimenti. Ni orodha ya kila shilingi iliyoingia na iliyotoka, na tarehe yake, na jinsi ilivyotoka. Mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kuiomba. Siku ya kwanza tuliambiwa mashine ya kuchapa haina wino. Siku ya pili tukaambiwa kuna malipo. Tukalipa. Siku ya tatu tukaambiwa kwa mkimbizi lazima kuwe na barua ya ajensi. Hapo nilimwomba aniletee sheria inayosema hivyo, akaniangalia kama mbuzi aliyesema neno. Tangu tuombe mpaka tupate zilipita siku 23.

Karatasi ilikuwa na mistari michache tu. Jumanne: zimeingia 19,500. Alhamisi ya wiki hiyo hiyo: zimetoka 18,900, dirishani. Makato: 100. Salio: 640. Hesabu ya Mama ilikuwa sawa, na pesa hazikukosewa jina, na ajensi walikuwa wametuma kweli. Zilikaa kwenye akaunti siku mbili. Kisha mtu alisimama mbele ya dirisha, akapewa.

Tukaomba slipu ya Alhamisi. Meneja akasema mafaili yako stoo. Aliyeinuka kwenda stoo, akarudi na vumbi kwenye mikono na slipu mkononi, alikuwa yule dada wa dirisha la pili. Hakutusalimia. Hakutabasamu. Aliiweka mezani mbele ya bosi wake, upande wa kusomeka ukiwa kwetu, akarudi kazini. Kwenye slipu kulikuwa na saini yenye mkia mrefu, na muhuri wa dirisha la kwanza. Dirisha la kwanza ni la yule kijana tuliyempenda sote, anayewaambia wamama zetu shikamoo, anayewajazia fomu, anayejua majina ya wajukuu.

Sasa nisikilizwe vizuri. Mimi simwiti yule kijana mwizi, hata leo. Inawezekana alidanganywa na mtu aliyekuja na kitambulisho cha Mama. Inawezekana muhuri wake ulitumiwa na mwingine wakati wa chakula cha mchana. Ninachosema ni kwamba slipu ilipita dirishani kwake ikiwa na saini ya mtu asiyejua kusaini, na hilo lina maswali ambayo yeye alistahili kuulizwa mbele ya watu, na alistahili kuyajibu. Hakuulizwa mbele yetu. Siku moja tulienda tukakuta dirisha la kwanza lina mtu mwingine. Tukaambiwa amehamishwa. Kama hana kosa, ameondoka na jina lililochafuka. Kama ana kosa, kuna Mama mwingine, katika mji mwingine, anaambiwa shikamoo hivi sasa.

Pesa zilirudi, baada ya wiki sita. Siku ya kuzipokea Mama alipewa barua ya Kiingereza aweke kidole. Hakuna aliyemsomea. Nilimsomea mimi. Ilisema kulikuwa na kosa la mfumo, kwamba limerekebishwa, kwamba yeye hana dai lingine lolote na hatalizungumza jambo hili na watu wengine. Mama akauliza, "Mfumo una mkono? Mfumo unajua kuweka saini?" Hakuna aliyejibu. Akaangalia barua, akaangalia pesa, akakumbuka deni la dukani na sare ya mjukuu, akabonyeza kidole. Sikumzuia. Nani angemzuia? Lakini mimi sikuweka kidole changu pale, kwa hiyo nasema.

Kwanza nasema na sisi watu wa bloku.

Tuache kuhukumu uso. Tulikuwa tayari kumvizia njiani mtu ambaye ndiye peke yake aliyefanya kazi yake. Tungemuumiza, na slipu ingebaki stoo mpaka leo, na aliyechukua pesa angetusaidia kupiga kelele. Tena siku tunapofika benki kwa mawe, ofisi zote zinapata neno wanalolipenda, "usalama". Wanafunga dirisha wiki mbili, na Mama anarudi kuwa kosa lake mwenyewe.

Tuache pia hii tabia ya kuacha kadi na namba ya siri kwa mwenye duka. Najua kwa nini tunaacha. Chakula kimekatwa, watoto wanalia, mwenye duka anasema "niachie kadi, chukua unga." Simhubirii mtu mwenye njaa. Lakini mjue kwamba siku pesa ikipotea, swali la kwanza la benki litakuwa: namba ya siri nani mwingine anaijua? Ukisema mwenye duka anaijua, mazungumzo yameishia hapo. Kama lazima ukope, kopa kwa daftari, kila mmoja na daftari lake. Kadi ibaki kiunoni.

Na tujifunze kuuliza maswali ya karatasi. Kwa anayelipa: mlituma tarehe gani, kiasi gani, kwa akaunti namba gani? Waandike, wagonge muhuri. Kwa benki: naomba stetimenti ya tarehe hizo, na kama zimetoka, naomba kuona slipu. Lalamiko liwe la maandishi, hata mistari mitano, hata kwa Kiswahili, nakala mbili, moja ibaki kwako ikiwa na muhuri wa "imepokelewa" na tarehe. Benki ikikaa kimya, lalamiko hilo linaweza kupelekwa Benki Kuu ya Kenya, ambayo ndiyo inayozisimamia benki, na huko watakachouliza kwanza ni hiyo nakala. Ukiona dalili ya wizi, nenda polisi uandikishe, upewe namba ya OB. Nenda na mtu wa kusimama nawe, mkalimani au wale wa msaada wa sheria. Ni kazi ya kuchosha kuliko kupiga kelele. Lakini zile pesa zilirudishwa na karatasi mbili. Kelele zetu zote za bombani hazikurudisha hata shilingi.

Na wale mawakala wa benki wa dukani, wenye kile kimashine kidogo, msikilize hapa. Tangu 2010 Benki Kuu ina kanuni juu yao. Wakala haruhusiwi kufanya muamala wakati mawasiliano na benki yamekatika. Haruhusiwi kufanya muamala kama risiti haiwezi kutoka. Haruhusiwi kukutoza ada yake mwenyewe mkononi. Na benki iliyomweka ndiyo inayobeba jukumu la alichofanya au alichoacha kufanya. Kwa hiyo ukiambiwa "mtandao umegoma, acha kidole hapa, pesa uje kesho", usiache kidole. Ukiambiwa "karatasi za risiti zimeisha", pesa yako haijawa tayari. Ukiambiwa "toa hamsini ya chai", hiyo chai haimo kwenye mkataba. Na benki ikikwambia "huyo ni wakala, si sisi", jibu ni moja tu: ni nyinyi.

Sasa nageukia upande wa pili, nyinyi wa vitambulisho shingoni. Hapa sauti yangu inapanda.

Kakuma ilifunguliwa 1992. Kwa miaka mingi chakula kilikuja kwa gunia. Tulisimama juani, tukapimiwa kwa skupu, na aliyepima vibaya tulimwona kwa macho. Tuligombana naye pale pale, na jirani alikuwa shahidi. Haukuwa utaratibu wa heshima, nani asiyejua, lakini kipimo kilionekana. Mwaka 2013 mgao wa chakula hapa Kakuma na kule Dadaab ukaanza kwenda na alama za vidole, maana ilisemekana kuna wanaochukua mara mbili na wanaochukulia waliohama. Sawa. Tukatoa vidole. Mwaka 2015 ikaja Bamba Chakula, pesa ya chakula kwenye simu. Mwaka 2016 Kalobeyei ikafunguliwa, tukaambiwa hapa mtu atajitegemea, ataingia sokoni kama watu wengine. Benki nazo zikawa sehemu ya maisha yetu. Tukashukuru, maana mtu kuwa na akaunti yake ni jambo kubwa. Lakini angalieni kilichotokea: kipimo kilitoka machoni petu kikaingia ndani ya kompyuta, na sisi hatukupewa kitu cha kukionea.

Mwaka 2018 kule Uganda ilisemekana hesabu ya wakimbizi imeongezwa. Maofisa kadhaa wa serikali walisimamishwa kazi. Lakini waliopanga foleni miezi ile ni wakimbizi wenyewe, zaidi ya milioni moja, kidole kwa kidole na jicho kwa jicho, wathibitishe kwamba wapo. Hesabu ikashuka kutoka kama milioni 1.4 hadi kama milioni 1.1. Sisemi kuhesabiwa ni vibaya. Nasema hivi: anaposhukiwa mkimbizi, inaletwa mashine. Anaposhukiwa mwenye dirisha, linaletwa sanduku la maoni. Sanduku lenyewe lina kufuli, na ufunguo ameweka yule yule.

Mnatushuku kila mwezi, na tumekubali kushukiwa. Tunapeleka kidole, tunapeleka manifesti, tunapeleka picha, tunarudi kupiga picha nyingine. Je, ni dhambi sisi kuwashuku nyinyi mara moja, kwa slipu moja?

Najua majibu yenu, nimeyatafsiri miaka mingi.

La kwanza: "Sisi tulishatuma, kilichobaki ni kati yake na benki." Hapana. Mama hakuchagua benki ile. Mliichagua nyinyi, kwa mkataba wenu, kwa sababu zenu. Mkataba ule una ukurasa wenye simu ya mtu wa benki anayewapokea nyinyi mkipiga mara moja tu. Mngempigia siku ile ya kwanza, Mama asingepanda bodaboda mara saba. Anayemchagulia mtu mlango hawezi kusema mlango haumhusu.

La pili: "Wakimbizi wengine husema uongo." Kweli, wapo. Ndiyo maana naomba karatasi, siombi kuaminiwa. Stetimenti haina huruma kwa mtu yeyote. Mtu aliyetoa pesa akanywea kisha akaja kulia, itamuumbua kabla ya jua kuzama. Mngeitoa siku ya kwanza mngewakamata waongo wote. Kuichelewesha kunawasaidia waongo wa pande zote mbili.

La tatu husemwa kwa upole, mlango ukiwa umefungwa: "Mkianza kusema kuna wizi, wafadhili watakata." Hili ndilo linaloniumiza. Maana yake ni kwamba Mama alipe kwa ukimya wake ili sisi wote tuendelee kupewa. Kwanza, msaada umekatwa mara nyingi na hatukuwa tumesema lolote. Pili, mfadhili aliyetoa pesa ili imfikie mfagiaji wa hospitali ana haki ya kujua kama ilimfikia mfagiaji au ilimfikia mwenye saini ya mkia. Mnayemficha ni nani hasa?

La nne ni lile la "nyinyi ni wageni hapa, nendeni taratibu." Tunakwenda taratibu tangu 1992. Na Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 46, inapozungumzia haki za mtumiaji wa huduma haisemi raia. Inasema mtumiaji. Ana haki ya huduma ya kiwango kinachofaa, ana haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike na huduma hiyo, ana haki ya fidia akipata hasara kwa kasoro ya huduma. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuona habari zake zinazoshikiliwa na mwingine. Pesa ya Mama ni yake, na mistari inayosema pesa hiyo ilikwenda wapi ni yake pia. Hatuombi tupendelewe. Tunaomba dirisha lifanye kwetu linachofanya kwa mwenye duka wa mjini.

Kwa hiyo tunataka nini? Si mengi, na hakuna hata moja linalohitaji mradi mpya wala semina ya siku tatu yenye soda.

Kila malipo yakitumwa, mlipwaji apate meseji au karatasi yenye tarehe, kiasi na namba ya muamala, kwa lugha anayosikia. Asiye na simu asomewe.

Pesa ikipotea, ajensi na benki wakutane wao, walinganishe karatasi zao, ndani ya siku zilizotajwa. Mtu aliyeibiwa asifanywe tarishi kati ya ofisi mbili zenye simu.

Stetimenti ya tarehe zinazolalamikiwa itolewe bure, na bila barua ya mtu mwingine.

Asiyejua kusaini aandikwe hivyo kwenye akaunti yake, wazi, ili slipu yenye saini isipite dirisha lolote.

Keshia anayeshukiwa asikilizwe, kwa haki, na matokeo yatangazwe kwetu, awe na kosa au asiwe nalo. Kumhamisha usiku si kumhukumu wala kumsafisha.

Na mtu asirudishiwe pesa yake kwa bei ya mdomo wake. Ile barua ya kidole na ukimya iondoke mezani. Pesa ilikuwa yake kabla ya barua.

Kwa yule dada wa dirisha la pili, kama jarida hili litafika mikononi mwako: dada, samahani. Tulikusema vibaya na mimi nilikuwemo. Bado unarusha vitambulisho vya watu, hiyo uache. Lakini siku ile ulikwenda stoo.

Juzi mjukuu wa Mama, yuko darasa la nne, alitaka kumfundisha bibi yake kuandika jina. Alikuwa ameshaleta daftari na kalamu. Mama akakataa. Nikamshangaa, nikamwambia Mama, si vizuri kujua? Akanijibu: "Ningejua kuandika, siku ile ningewaambiaje kwamba si mimi?"

Nimekaa na neno hilo mpaka leo. Maana ni kweli. Kilichomtetea Mama ni kile kile tunachomhurumia. Sisi tunaojua kuandika, ambao saini zetu mtu anaweza kuziiga kwa dakika mbili, tunasimama na ushahidi gani? Wangapi tuliambiwa "labda umesahau" tukaamini?

Stetimenti ya Mama sasa inakaa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na manifesti, chini ya godoro. Na mimi kila Jumamosi asubuhi nitakuwa chini ya mti ulio karibu na bomba letu. Mwenye meseji asiyoielewa, slipu, barua ya Kiingereza aliyopewa aweke kidole, alete kabla ya kuweka. Nitamsomea. Silipwi, na chai sitaki.